Naomba ushauri: picha ya mzee aliyefariki Arnhem Land

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nasoma uhifadhi huku Darwin, Australia. Kiangazi kilichopita nilikaa wiki 3 na walinzi wa ardhi wa Warddeken, shirika la wenyeji wa asili (Aboriginal), juu kwenye uwanda wa mawe wa Arnhem Land magharibi. Eneo lao ni kama hekta milioni 1.4, wenyewe wenye ardhi ndio wanaolisimamia, na tangu 2009 linatambuliwa rasmi kuwa hifadhi.

Kazi yao kubwa ni moto. Wanachoma mapema, majani yakiwa bado na unyevu, ili moto mkali wa mwisho wa kiangazi usikute cha kula. Mzee mmoja alinishika mkono akanionyesha mwali unavyotambaa kwenye nyasi, haufiki hata magotini. Usiku umande ukashuka, moto ukazimika wenyewe. Nilimpiga picha pale pale, kwa ruhusa yake.

Sasa mzee amefariki. Kwa mila zao, jina na picha ya marehemu huwekwa kando mpaka familia iseme. Msimamizi wangu anasema ruhusa ilitolewa akiwa hai, niiache picha kwenye ripoti. Moyo wangu unakataa kabisa.

Je, nipitie kwa kiongozi wa walinzi, au niifuate familia mwenyewe? Kuwauliza wakiwa msibani si kuwakosea? Na nakala nilizokwisha kuwatumia wenzangu nizifanyeje? Aliyewahi kufanya kazi na jamii hizi anielekeze tafadhali, ripoti naikabidhi Ijumaa ijayo.