Wauguzi wazoefu tuliohamia kituo kipya, mlielekezwa siku ngapi? Tupeane uzoefu

Sista wa Leba (mleta mada)
Poleni na zamu, wakuu. Nina miaka 11 kazini, mingi nimeimalizia leba, wodi ya kujifungulia. Nilihamia Kigoma kumfuata mume. Jumatatu nikaripoti hospitali moja, jina naliacha. Metroni, yaani mkuu wa wauguzi, akanizungusha wodi zote kwa dakika 40 hivi, akamaliza na "wewe mzoefu bwana, hatuna wasiwasi." Jumatano nikapangwa usiku, mimi na mhudumu mmoja.

Saa 8 usiku akaletwa mama ana kifafa cha mimba. Dozi ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege hilo, naijua hata usingizini: gramu 4 kwenye mshipa taratibu, halafu gramu 5 kila tako. Sasa iko wapi? Kabati la dharura lina kufuli. Mhudumu ananiambia ufunguo huwa unaachwa kwenye boksi la glavu. Maboksi ya glavu yalikuwa manne! Nikayamwaga yote mezani huku ndugu wa mgonjwa wananitazama. Mama alipona, mtoto pia, ila mpaka leo yale maboksi nayaota.

Nyie wenzangu ilikuwaje?

Mnyamwezi Halisi
Mimi Tabora, hospitali ya misheni, wiki 2 nzima nikiwa pembeni ya mwenyeji. Nilinuna, nikaona nafanywa mwanafunzi. Siku ya 9 ndiyo nikajua kwamba maombi yangu ya dawa kwenye kompyuta hayafiki famasi, maana nilikuwa nahifadhi tu, situmi. Nilikotoka tuliandika kwenye karatasi. Kununa kukaisha hapo hapo.

Kasulu_Njoo
Siku 3 zinatosha. Kuna wazoefu hawaulizi, hao hata uwape mwaka.

Binti wa Kusini
@Kasulu_Njoo utaulizaje kitu ambacho hata hujui kwamba hukijui? Mimi natoka Mtwara, nikaanza kazi wilaya moja ya huko huko kwenu. Mama mjamzito ananiambia "umutwe, umutwe". Nikadhani anataja jina la kijiji, nikaendelea kujaza kadi yake. Dada wa usafi akaacha fagio akaniambia, sista, anasema kichwa. Kupima presha, 170/110, iko juu ya hatari. Kwenye yale mafunzo elekezi yangu nilifundishwa kusaini kitabu cha mahudhurio, Kiha hakuna aliyekitaja.

Inchaji Mchovu
Naomba mtuelewe na sisi wasimamizi wa wodi. Wodi ina wagonjwa 30, muuguzi mmoja au wawili. Nikimtoa mmoja amshike mgeni mkono wiki 2, sindano atachoma nani? Ninachofanya: mgeni haanzi usiku, hata kama ratiba inavuja. Zamu yake ya kwanza namwambia aniletee kwa mkono wake mwenyewe: ufunguo wa kabati, mtungi wa oksijeni na spana yake ya kuufungulia, ambubegi (mfuko wa kumpulizia hewa) ya mtoto mchanga, namba ya daktari wa zamu. Na aende maabara kwa miguu akaone damu inachukuliwa mlango gani, kwa sababu usiku mlango wa mbele hufungwa. Ni kazi ya masaa 2 tu. Wengine hucheka wakiambiwa hivyo, hasa wa miaka 15 kwenda juu, mpaka watakapoikosa spana.

Kasulu_Njoo
Hiyo ya spana nimeinyamazia. Yamenikuta.

Mnyamwezi Halisi
Mleta mada, ufunguo siku hizi unakaa wapi?

Sista wa Leba (mleta mada)
Kwenye boksi la glavu 😂 Ila nimeliandika kwa maka peni nyekundu pande zote sita.