Mrejesho: Mashua ya mbao au boti ya faiba?

Wakuu, niliuliza nichukue mashua ya tanga la asili au boti ya faiba ya matanga mawili, kubebea wageni hapa Nungwi, Zanzibar. Nimechukua mashua.

Boti ya faiba nimeijaribu, na kwa kubisha (kwenda mbele dhidi ya upepo kwa kugeuza upande mara kwa mara) haina mpinzani: unakata usukani, tanga kubwa linahamia upande wa pili lenyewe. Kwenye mashua foromali (boriti inayoshika tanga) lazima izungushwe mbele ya mlingoti, na upepo ukiwa mkali hiyo ni kazi ya wanaume kweli.

Lakini mkuku (uti wa chini) wa ile boti umeenda chini sana, na wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) huku maji hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo maji yakitoka haiwezi kusimama wima. Mashua tunaitia magadi (miti ya kuiegemeza ubavuni), inasimama mchangani, fundi anapiga kalafati (anaziba nyufa za mbao kwa pamba) papo hapo. Aliyenishauri nitazame pwani maji yakishakupwa, Mungu akubariki sana.