Nimepata nafasi ya kusomea ngoma chuo kikuu: mbinu, historia na koreografia hufundishwaje?

Binti wa Newala

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Nina umri wa miaka 22, ni mzaliwa wa Newala, na mwaka huu nimemaliza stashahada ya sanaa za maonyesho. Nimepokea barua ya kukubaliwa kusomea shahada ya kwanza ya ngoma katika chuo kikuu kimoja nchini Uingereza, na masomo yanaanza Septemba. Barua inaeleza kwamba mwaka wa kwanza una mafungu matatu, yaani mbinu ya uchezaji, historia ya ngoma na koreografia (utunzi wa ngoma), na kwamba mbinu itakayofundishwa ni baleti pamoja na dansi ya kisasa.

Mimi nilifundishwa kucheza na bibi yangu mzaa mama. Nilianza sindimba, ngoma ya Wamakonde, kabla sijaanza shule, nikiwa nimefungwa kitenge kiunoni na kusimama nyuma yake ili nimwige. Hakuwahi kunieleza kitu kwa maneno; nilipokosea aliugonga mguu wangu kwa mguu wake, tukaendelea. Chuoni niliongeza ngoma za bugobogobo na lizombe. Baleti sijawahi kuigusa, wala sijawahi kucheza mbele ya kioo.

Baba yangu, ambaye ndiye anayehangaika kunitafutia nauli, ameniuliza jambo nililoshindwa kulijibu: kitu ambacho watoto wa kijijini wanakijua bila daftari kinahitaji miaka mitatu ya chuo kikuu kwa sababu gani? Naomba waliopita njia hii wanieleze kinachofundishwa hasa katika mafungu hayo matatu, na kama sindimba yangu itahesabiwa kuwa mbinu, au itaitwa tu siku ya sherehe za utamaduni.

Mwalimu wa mbinu

Marahaba binti yangu, na hongera sana. Nianze na swali la mzee, kwa sababu ni swali la haki na lina jibu. Shahada ya kwanza ya ngoma nchini Marekani ilianzishwa mwaka 1926 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin na Margaret H'Doubler, ambaye hakuwa mchezaji hata kidogo. Alikuwa amesomea baiolojia na akifundisha wasichana mpira wa kikapu. Darasani aliweka kiunzi cha mifupa ya binadamu, akawalaza wanafunzi sakafuni ili wauchunguze mwili wao ukiwa haujabeba uzito wake wenyewe, kisha akawataka watafute kila kiungo kinakwenda wapi na kinakomea wapi. Hakuwa akiwafundisha hatua za kuiga. Alikuwa akiwafundisha kujua wanachokifanya, na hiyo ndiyo kazi ambayo chuo kikuu kimeichukua tangu wakati huo. Mtoto wa Newala anaijua sindimba kama anavyokijua Kimakonde. Anayeisomea anatakiwa pia aweze kuieleza sarufi yake.

Sasa kuhusu mbinu yenyewe. Utakuwa na vipindi karibu kila siku, mara nyingi vya saa moja na nusu, na asubuhi ya kwanza ya baleti utashika fimbo ndefu ya mbao iliyofungwa ukutani na kuambiwa ukunje magoti taratibu huku mgongo ukiwa wima. Hapo utajisikia nyumbani, kwa sababu goti lililokunjwa ndilo linalobeba sindimba nzima. Shida itakuja utakapoambiwa uifungue miguu kutoka kwenye nyonga mpaka vidole vitazame pembeni, kisha unyooshe goti na kuuvuta mwili juu kana kwamba unataka kuiaga ardhi. Umefundishwa maisha yako yote kuupeleka uzito chini, na sasa unaombwa uufiche. Usiuone huo kuwa upungufu wako, kwa kuwa ni lugha ya pili, na kila ajifunzaye lugha ya pili akiwa mtu mzima huwa na lafudhi kwa muda.

Dansi ya kisasa itakuwa karibu nawe zaidi. Martha Graham, aliyeanzisha kundi lake New York mwaka huohuo wa 1926, alijenga mbinu yake juu ya pumzi: unatoa pumzi, tumbo linaingia ndani, mgongo unajikunja kuanzia kwenye nyonga, kisha unavuta pumzi na kufunguka. Katherine Dunham, aliyesomea anthropolojia Chicago na kwenda kufanya utafiti Haiti na visiwa vingine vya Karibi katikati ya miaka ya 1930, alirudi na mbinu inayotenga sehemu za mwili, bega likienda peke yake na nyonga peke yake. Mwenzako wa Uingereza atahitaji muhula mzima kuipata. Wewe uliipata nyuma ya bibi yako.

Ndiyo maana nasema kwa msisitizo kwamba neno mbinu si jina jingine la baleti. Germaine Acogny wa Senegali, aliyeongoza shule ya Mudra Afrique mjini Dakar kuanzia mwaka 1977 na baadaye kuanzisha shule ya École des Sables kando ya bahari huko Toubab Dialaw, ameandika na kufundisha mbinu kamili iliyotokana na ngoma za Afrika Magharibi, ambayo kiini chake ni uti wa mgongo unaojipinda na kutetemeka. Mwaka 2021 alitunukiwa Simba wa Dhahabu wa dansi huko Venice. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ngoma zetu ni hisia tupu zisizo na mbinu, mjibu kwa adabu, lakini mjibu.

Neno moja la mwisho kuhusu mwili wako. Nilipokuwa mwaka wa pili tulifanya mazoezi ya kuruka muhula mzima juu ya zege lililofunikwa kwa zulia jembamba la plastiki, nami niliyavumilia maumivu ya muundi mpaka nikashindwa kupanda ngazi, nikapoteza miezi minne. Sakafu ya kuchezea inapaswa kuwa ya mbao iliyoinuliwa, ili inepe kidogo unapotua. Ulizia jambo hilo kabla ya kuulizia bweni.

Msomaji wa historia

Hongera, dada. Mwalimu ameeleza mwili vizuri; mimi niongeze upande wa historia, ambao wanafunzi wengi wa ngoma huuona kuwa mzigo mpaka siku watakapogundua kwamba unawahusu wao wenyewe.

Utasomeshwa kwamba Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, alianzisha chuo cha kifalme cha dansi mwaka 1661, na kwamba zile nafasi tano za miguu zilipangwa katika mazingira ya ikulu yake. Shikilia hilo, kwa sababu maana yake ni kwamba baleti nayo ina kwao, ina watu wake, mavazi yake na adabu zake za kusalimia wakubwa. Mwanaanthropolojia Mmarekani Joann Kealiinohomoku alilisema waziwazi mwaka 1970, alipoonyesha kwamba baleti ni ngoma ya kikabila ya Wazungu kama zilivyo ngoma nyingine za makabila yao, na hoja yake bado inasomwa na kubishaniwa katika idara za ngoma hadi leo.

Kisha ujiandae kueleza historia ya kwako, kwa sababu utaulizwa. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuwa Rais wa Jamhuri mwezi Desemba 1962, alisikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza rumba, chachacha na twisti, lakini ni wachache waliopata hata kusikia ngoma za kwetu kama gombesugu, kiduo au lelemama, na hapohapo akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Likaundwa kundi la ngoma la taifa, kwa kuiga mfano wa Guinea, ambako kundi la Fodéba Keïta lilikuwa tayari limezunguka dunia. Kundi letu likakusanya ngoma za makabila mbalimbali, na sindimba ikawa mojawapo ya zilizovuma zaidi.

Hapo ndipo pa kukaza macho. Ngoma iliyochezwa uwanjani, watu wakiwa wamezunguka na yeyote akiweza kuingia, ilipandishwa jukwaani mbele ya watazamaji waliokaa upande mmoja tu. Duara likafunguliwa likawa mistari, dakika zikapunguzwa, na viuno, ambavyo kijijini vilikuwa sehemu ya mazungumzo marefu kati ya mchezaji na mpiga ngoma, vikawa ndicho kitu cha kutazamwa, hata vikazua malalamiko ya watu walioona kwamba vinavunja heshima. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa mwaka 1981, na sehemu ya ujuzi huo ikahamia huko. Kwa hiyo wewe, dada yangu, inaelekea una sindimba mbili mwilini, moja ya bibi na moja ya chuoni, na kuzitofautisha hizo mbili kunatosha kuwa tasnifu.

Usidhani pia kwamba historia yetu ni ya ngoma zisizobadilika. Ngoma ya beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, vijana wakiigiza gwaride na bendi za matarumbeta, ikawa na vyama vyake vilivyoshindana vya Marini na Arinoti, na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia wakaisambaza mpaka bara. Ngoma ya mganda ya kando ya Ziwa Nyasa ni ndugu yake. Anayewaona wachezaji wa mganda na soksi zao nyeupe na mistari yao iliyonyooka anaitazama historia ya jeshi la kikoloni ikichezwa na wajukuu wa waliolitumikia.

Binti wa Newala

Nawashukuru sana. Sehemu ya sindimba mbili nimeisoma mara tatu, kwa kuwa ni kweli: ile ya chuoni tulihesabu moja hadi nane, na bibi hajawahi kuhesabu. Limebaki fungu la koreografia. Je, hatua mpya hufundishwa? Na mtu anapewaje alama kwa kitu alichokibuni mwenyewe?

Koreografa wa Dar

Hatua mpya hazifundishwi, mdogo wangu. Unafundishwa kuamua na kuacha. Zoezi la kwanza nililopewa lilikuwa kutunga mwendo wa sekunde 20, kisha kuurudia ukianzia mwisho, kisha kuucheza kwa kasi ya nusu, kisha kuucheza kwa mkono mmoja tu nikiwa nimeketi. Tulikuwa 14 darasani na kila mmoja aligundua kwamba mwendo wake ulikuwa na kitu kimoja kizuri na vingine vingi vya kujazia. Mwalimu alitoa alama kwa maelezo yetu: umeacha nini, umebakiza nini, na kwa nini.

Baadaye utakutana na kazi za Merce Cunningham, koreografa Mmarekani aliyekuwa akirusha sarafu ili bahati iamue mwendo upi utangulie na mchezaji yupi aingie, na muziki akiuacha uende njia yake bila kuufuata. Wengi wetu tuliotoka kwenye ngoma jambo hilo lilitukera, kwani kwetu mchezaji asiyesikiliza ngoma huambiwa hajui kucheza. Mimi nililifanya kwa kulazimishwa, na lilinifunza kwamba nilikuwa nikijificha nyuma ya mpigaji kila nilipokosa wazo. Utasikia pia habari za vijana walioonyesha kazi zao katika kanisa la Judson mjini New York mwaka 1962, baadhi yao wakitembea tu na kukaa kama watu wa kawaida, wakidai kwamba hata huko ni kucheza. Si lazima ukubaliane nao, ila ni lazima uweze kusema kwa nini hukubali.

Utafundishwa na maandishi ya mwendo pia. Mfumo alioutoa Rudolf Laban mwaka 1928 husomwa kutoka chini kwenda juu. Mstari wa katikati hutenganisha kushoto na kulia, umbo la alama huonyesha mwelekeo, jinsi ilivyojazwa rangi ndani huonyesha juu au chini, na urefu wake huonyesha muda. Jaribu kuandika hatua nne za sindimba kwa mfumo huo utaona mahali unapozidiwa, hasa kiuno kinapofuata ngoma ndogo huku miguu ikifuata kubwa. Mahali hapo panapokushinda ndipo pa kuanzia kazi yako ya mwisho.

Nakushauri jambo moja kabla ya safari: nenda kwa bibi na simu, mrekodi kwa pembe mbili, mbele na pembeni.

Mama wa Masasi

Naomba nimrekebishe kidogo kaka hapo juu. Kabla ya simu kuna ruhusa. Katika ngoma zetu za kusini zipo hatua za uwanjani, ambazo mtu yeyote huziona, na zipo zinazotoka unyagoni, ambazo msichana hufundishwa akiwa ndani na hazitoki nje kwa sababu tu mtu amepata jukwaa Ulaya. Bibi ndiye anayeujua mpaka huo. Muulize, mwanangu, tena muulize akiwa ametulia, wala usimbane kwa maswali ya kitafiti. Akikukataza hatua fulani, jambo hilo nalo liandike katika kazi yako, bila kuieleza hatua yenyewe.

Binti wa Newala

Nimekusikia, mama, asante. Nimempigia bibi jana jioni. Ameniambia nije Jumamosi na kitenge, na simu niiache kwa mjomba siku ya kwanza. Ya pili atanijulisha mwenyewe kinachoweza kurekodiwa. Kisha akaniuliza kama huko ninakokwenda kuna udongo wa kuchezea. Nimemjibu kwamba ni mbao, zinazonepa kidogo mtu anapotua, akakaa kimya, halafu akasema nije na viatu vyepesi ili tujaribu juu ya ile milango miwili ya zamani iliyolazwa ghalani.