Tuliuziwa deki za HD DVD zikiwa zimekwisha kufa, na hadi leo hakuna aliyetuomba radhi

Ndugu wanajukwaa,

Ijumaa iliyopita fundi wangu wa Mwembe Tayari alinirudishia deki yangu ya HD DVD, ule muundo wa diski za picha kali uliokusudiwa kurithi DVD, ikiwa imeviringishwa kwa gazeti. Alikuwa ameifungua, ameipuliza vumbi na kubadilisha kapasita mbili, kisha akafika kwenye lenzi na kukwama, kwa kuwa leza yake imekufa na kipuri chake hakipatikani hapa mjini wala Nairobi alikopiga simu. Hakunitoza hata shilingi. Nilitoka pale nikiwa na diski 41 ambazo hazina mkwaruzo hata mmoja, na ambazo hakuna deki inayouzwa leo katika maduka ya Mombasa inayoweza kuzisoma. Tisa kati yake zina HD DVD upande mmoja na DVD ya kawaida upande wa pili, kwa hivyo hizo nitaendelea kuzitazama kwa picha hafifu. Zile 32 zilizobaki ni visahani vya plastiki tu.

Sikasiriki kwa sababu kifaa kimezeeka. Kila kifaa huzeeka, na hewa ya chumvi ya pwani haina huruma na chuma. Ninachokasirikia ni kwamba deki hii ilikuwa imekwisha kufa siku niliyoilipia, na kila aliyekuwa na wajibu wa kuniambia hivyo alinyamaza.

Niliinunua Julai 2008 katika duka moja karibu na Barabara ya Digo, ambalo sitalitaja. Muuzaji aliniambia, "Ami yangu, chukua hii, huu ndio mtindo mpya wa dunia, hiyo DVD yako kawape watoto." Nilimlipa shilingi 16,500, kisha nikaongeza 3,000 za transfoma ya kushusha umeme, maana deki ilikuwa imeundwa kwa volti 120 za Marekani na stima yetu ni volti 240. Sikuambiwa kwamba tarehe 19 Februari mwaka huohuo, miezi mitano kabla sijatoa pesa zangu, Toshiba, iliyouasisi muundo huo na kuubeba mabegani, ilikuwa imetangaza kwamba inaacha kuunda deki za HD DVD na kwamba baada ya mwisho wa Machi haitapeleka tena mzigo madukani. Tangu Januari, deki ya bei ya chini kabisa ilikuwa imeshushwa huko Marekani hadi dola 150, kwa matumaini kwamba urahisi ungeokoa kilichokuwa kikizama. Kwa hesabu yangu, ndivyo deki yangu ilivyoishia ndani ya kontena na kushushwa Kilindini: ilikuwa sehemu ya shehena iliyokosa mnunuzi kwa wenyewe. Mtu anayeagiza bidhaa kwa kontena hujua kwa nini bei imeporomoka. Mimi ndiye niliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Lakini sitaki lawama zote zimwangukie mfanyabiashara wa Mombasa, kwa sababu kosa lenyewe lilizaliwa mbali na hapa, na lilizaliwa kwa hiari.

HD DVD ya Toshiba ilikuwa na mpinzani, Blu-ray ya Sony na wenzake; tazameni diski hizi mbili zikiwa mkononi. Zote zina upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Zote husomwa kwa leza ileile ya rangi ya samawati iliyokaribia zambarau, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 405, tofauti na leza nyekundu ya DVD yenye nanomita 650. Zote zinakubali njia zilezile za kubana picha, na zote hutoa picha ya mistari 1080. Tofauti kubwa ni kina: Blu-ray huweka data yake milimita 0.1 tu chini ya uso wa diski, ilhali HD DVD huiweka kwenye milimita 0.6, kama DVD. Kwa kukaa karibu na lenzi, Blu-ray hubeba gigabaiti 25 kwa kila tabaka, na HD DVD hubeba 15. Kwa kufuata kina cha DVD, HD DVD ingeweza kuchapwa katika viwanda vilivyokuwapo baada ya marekebisho madogo, na kwa hivyo ilikuwa rahisi kuizalisha. Kila upande ulikuwa na hoja, nami sidai kwamba upande mmoja ulikuwa wa wapumbavu. Nadai kwamba mtazamaji aliyekaa sebuleni Kisauni au Tudor asingeweza kuona katika picha tofauti yoyote iliyostahili kumpotezea deki nzima.

Wala msidhani kwamba kampuni hizi hazikujua kukubaliana. Mwaka 1995 zilikuwa katika ugomvi uleule: Sony na Philips walikuwa na diski yao, Toshiba na wenzake, studio ya filamu ya Warner ikiwemo, walikuwa na yao. Kampuni za kompyuta, IBM ikiwa mstari wa mbele, zilikataa kuunga mkono upande wowote mpaka pande zote ziketi pamoja, nazo zikaketi. DVD tuliyoizoea ni mtoto wa suluhu hiyo: vibati viwili vya milimita 0.6 vilivyogandishwa pamoja vilitoka upande wa Toshiba, na namna ya kuandika data ilitoka upande wa Sony na Philips. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi, mama muuza filamu wa Kongowea aliweza kuuza diski moja kwa kila mteja bila kumuuliza ana deki gani. Miaka kumi baadaye, mwaka 2005, pande hizohizo zilikaa tena kuzungumzia muundo mmoja wa kizazi kipya, na safari hii zikainuka mezani bila makubaliano. Zilijua njia, zilikwisha kuipita, zikaamua kutoipita tena, kwa sababu kila upande ulitaka mrabaha wa kila diski na kila deki itakayouzwa duniani. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Yaliyofuata yalikuwa biashara ya kugawana studio za filamu. Deki za HD DVD zilitoka Machi 2006 huko Japani na Aprili huko Marekani, kwa dola 499. Deki ya kwanza ya Blu-ray ya Marekani ikafuata Juni kwa dola 999. Sony, Disney na Fox walisimama na Blu-ray. Universal ilisimama na HD DVD. Warner ilichapa filamu zake kwa miundo yote miwili. Agosti 2007 Paramount, iliyokuwa ikihudumia pande zote, ikahamia HD DVD peke yake, na magazeti ya Marekani yakaripoti kwamba yeye na DreamWorks Animation walipewa motisha ya dola milioni 150. Pesa hizo zote, na hakuna hata senti iliyokwenda kumhakikishia mnunuzi kwamba diski yake itasomeka kesho. Kisha tarehe 4 Januari 2008 Warner akatangaza kwamba anabaki na Blu-ray tu, Netflix, waliokuwa wakikodisha diski, na maduka ya Walmart wakafuata Februari, na Toshiba akainua mikono. Kutoka tangazo la Warner hadi tangazo la Toshiba ni siku 46. Watu waliokuwa wamenunua deki kwa ajili ya Krismasi hawakupata hata miezi miwili.

Huko Marekani, angalau, kulikuwa na dalili ya aibu. Duka kubwa la Best Buy liliwapa wateja wake walionunua deki za HD DVD kadi za dola 50 kila mmoja. Sisi huku, tuliopelekewa mabaki ya vita, tuliachwa kwenye mataa. Nilipomrudia muuzaji wangu, alinionyesha maandishi yaliyo chini ya risiti yakisema kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, akanipa kiti na kahawa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Na walioshinda nao wasijisifu mbele yangu. HD DVD, pamoja na udhaifu wake wote, haikuwa na kufuli ya eneo: diski iliyonunuliwa Chicago ilicheza Mombasa bila kuomba ruhusa. Blu-ray ilikuja na kufuli tatu, A, B na C. Kenya iko B pamoja na Ulaya. Marekani na Japani ziko A. India iko C. Kwa mji kama huu, ambao shemeji huleta diski kutoka London, mpwa huleta kutoka Marekani, na jirani ana filamu zake za Kihindi kutoka Mumbai, kufuli hizo ni matusi. Mwaka 2011 nilinunua deki ya Blu-ray hapa mjini, katika duka jingine ambalo pia silitaji, na baada ya kuiwasha nikagundua kwamba ni ya eneo A. Diski nne alizoniletea dada yangu kutoka Uingereza zilikataa kucheza. Nilikuwa nimetoka kwenye muundo uliokufa ukiwa wazi, nikaingia kwenye muundo ulio hai ukiwa na kufuli.

Nayasema haya kwa sababu hali ya sheria haiko tena kama ilivyokuwa 2008. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa hizo, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 imejengwa juu yake. Kwa hivyo ninataka, na ninaomba kila anayenunua vifaa vya kielektroniki mjini hapa atake pamoja nami, kwamba muuzaji aandike kwenye risiti volti za kifaa, eneo la kufuli yake, na kama muundo wake bado unatengenezwa. Ni mistari mitatu ya wino. Anayekataa kuiandika, mnunuzi ashike pesa zake na avuke barabara.

Kwa sasa nina haja moja zaidi. Mwenye deki ya HD DVD inayowaka, hata kama trei yake inatoka kwa kusukumwa au rimoti yake imepotea, au mwenye moja ya zile deki chache za 2007 zilizosoma miundo yote miwili, namwomba aandike hapa chini bei yake na mtaa alipo. Nitakuja na transfoma yangu na diski moja ya kujaribia.