Binti anataka kwenda kujitolea leba, hospitali ya kijijini Singida: naomba ushauri

Mama, Leicester. Jumapili usiku

Ndugu zangu, habari za Jumapili. Wakubwa shikamooni.

Binti yangu wa pili yuko mwaka wa pili wa ukunga hapa Uingereza. Chuo chao kinawapa wiki nne wachague wenyewe pa kwenda kujifunza, naye amechagua Singida, nyumbani kwa baba yake, hospitali iliyoko kijijini kabisa. Bibi yake yu hai na anamsubiri kwa hamu. Mimi nimefurahi, na hapo hapo nimeingiwa na hofu.

Kuna kampuni imempa bei ya kumpangia kila kitu: hospitali, nyumba, chakula, gari la kumpokea. Ukijumlisha na tiketi, inazidi mshahara wangu wa mwezi mzima. Nilipouliza hospitali yenyewe itapata kiasi gani katika hizo, hawajanijibu mpaka leo. Walichoniandikia ni kwamba kule atapata nafasi ya kuzalisha kwa mikono yake mwenyewe kuliko anavyoruhusiwa hapa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mtoto hajahitimu.

Pasi yake ni ya Uingereza. Kiswahili anasikia chote, lakini ukimsemesha anajibu Kiingereza, mnawajua watoto wetu. Aende? Kwa utaratibu gani? Abebe nini?

Mkunga, Sheffield. Jumatatu

Dada, shikamoo, na pole kwa kukosa usingizi. Hiyo kampuni msiilipe.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Nami nilikwenda nikiwa mwaka wa pili, kupitia kampuni ya aina hiyo hiyo, hospitali moja ya Kanda ya Kati. Sitaitaja, maana wale wauguzi walinipokea vizuri sana na kosa ninalolieleza ni langu. Mnajua hapa mwanafunzi anatakiwa azalishe kina mama 40 kabla ya kusajiliwa, na kila mmoja wetu anajua amefikia wa ngapi kama anavyojua umri wake. Nilifika kule na hesabu hiyo kichwani.

Siku ya nne, zamu ya usiku, alikuwepo mama wa Kibarbaig, mimba ya kwanza, kitanda cha pili kutoka mlangoni. Kanga moja ametandika, nyingine amejifunika. Beseni lake chini ya kitanda lina chupa ya chai na nguo za mtoto. Sista wa zamu alikuwa amempima njia kama saa moja iliyopita na kuandika kwenye patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu: njia imefunguka sentimita 5. Mimi nikavaa glovu nikampima tena. Hakuna aliyenituma. Nilitaka kujua kama vidole vyangu vitapata jibu lile lile. Yule mama hakusema kitu. Aligeuza uso ukutani, akashika ukingo wa godoro, na mkono haukuachia mpaka nilipomaliza.

Kupimwa njia kunauma, na kila kipimo ni nafasi nyingine ya kupeleka vijidudu kwa mama na kwa mtoto. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema uchungu ukienda vizuri, kati ya kipimo na kipimo zipite saa 4. Nilikuwa nayajua hayo, nilishayafanyia mtihani. Sheffield nisingethubutu kumgusa mama bila kumwomba ruhusa, tena mkunga wangu akiwa amesimama pembeni. Kule nilithubutu kwa kuwa hapakuwa na wa kunizuia, na kwa kuwa yule mama hakuwa na lugha ya kunikatalia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Sista alipoiona glovu kwenye ndoo aliniuliza kwa upole, "Umepata ngapi?" Nikasema tano. Akasema, "Si niliandika?" Hakuongeza neno, akaenda kumshika yule mama mkono.

Kwa hiyo binti aende, ila aende kama mwanafunzi. Asichoruhusiwa kukifanya peke yake Leicester, asikifanye peke yake Singida, hata akiombwa na mtu aliyechoka. Jambo hilo liandikwe, chuo na metroni wa kule, yaani mkuu wa wauguzi, wakubaliane kabla hajapanda ndege, na ajulikane ni sista gani atakuwa naye kila zamu. Aulize pia kama kina mama atakaowazalisha kule watahesabiwa. Chuo changu hakikuhesabu hata mmoja, na leo naona walifanya vema, maana mwanafunzi anayehesabu anamwona mama kama namba.

Cha kujifunza ni kingi mno. Huku tumezoea mashine ya kuchora mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Kule sista anapapasa tumbo kwa viganja viwili, anajua mgongo wa mtoto uko upande gani, anaweka fetoskopu, kile kibomba cha kusikilizia mapigo, pale pale, sikio juu yake, macho kwenye saa ya ukutani, anahesabu. Nilichukua wiki nzima mpaka nikasikia nilichotakiwa kusikia. Tena binti asidhani anakwenda mahali ambapo sayansi haijafika. Mafunzo ya kumsaidia mtoto asiyelia, ile dakika ya dhahabu, yaani ya kwanza baada ya kuzaliwa, ya kumkausha, kumsugua mgongo na kumpulizia hewa kwa mfuko na maski, yalipimwa Tanzania katika hospitali 8, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Hospitali ya Haydom, kule Mbulu, ni mojawapo ya mahali kilipofanyiwa majaribio kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto, na kifaa chenyewe kinaitwa kwa Kiswahili: Moyo.

Afya yake asiichezee. Chanjo ya homa ya ini B iwe imekamilika. Miwani ya kukinga macho abebe ya kwake, maji ya uzazi hayana adabu ya kuchagua pa kurukia. Dawa za kuzuia VVU baada ya kujichoma sindano huanzwa mapema iwezekanavyo, isipite saa 72, na humezwa siku 28. Aulize kabla ya kufika zinapatikana wapi usiku wa manane. Na bima: asome mwenyewe kama inamkinga akiwa leba, isiwe ya mtalii aliyevunjika mguu.

Kaka, Reading. Jumatatu jioni

Dada, nami naongezea upande wa karatasi tu, nimehangaika nazo kwa mpwa wangu.

Kwa kuwa hatuna uraia pacha, binti anaingia kama mgeni. Visa ya matembezi, ile ya dola 50, haimruhusu kufanya kazi, na kujitolea bila malipo nako kunahesabiwa kazi. Watu wengi huambiwa "wiki nne tu, nani atakuuliza". Usikubali. Kuna visa ya biashara ya dola 250, ambayo haizidi siku 90, na kuna kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndicho cha wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Hospitali iwaulize Uhamiaji mkoani ni kipi kinamfaa, na jibu liwe la maandishi. Upande wa taaluma iwaulize Baraza la Uuguzi na Ukunga. Barua ya chuo iende kwa mganga mfawidhi, nakala kwa metroni. Anzeni mapema, miezi minne au mitano kabla. Hospitali yenye wauguzi wachache haina karani wa kukaa akisubiri barua pepe zetu.

Mkunga mstaafu, Birmingham. Jumanne asubuhi

Wanangu, hamjambo. Nimesoma yote. Nilikaa leba miaka 19 nyumbani kabla ya kuja huku, nikipokea wanafunzi wa kizungu kila mwaka, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa niaba ya mwenyeji.

Huyu wa Sheffield amesema kweli na namshukuru kwa kuisema hadharani. Nitaeleza na upande wetu. Mwaka 2015 hadi 2016, uzazi uliofanyika kwenye vituo vya afya Tanzania ulikuwa asilimia 63. Mwaka 2022 umefika asilimia 81. Ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini kina mama hao wote wanapokelewa na mikono ya nani? Usiku mlikuwa wawili, mmoja akienda na mgonjwa chumba cha upasuaji umebaki peke yako na vitanda vyote. Ukiletewa mwanafunzi mwenye glovu mpya na hamu ya kufanya kazi, kishawishi cha kumwachia kitanda ni kikubwa. Niliwahi kuachia, nasikitika mpaka leo ingawa mama na mtoto walitoka salama. Kwa hiyo binti ajifunze kusema, "Sista, hili sijaruhusiwa, lakini naweza kukusaidia hili." Halafu afanye kweli hilo analoweza: kubadilisha shuka, kupasha uji, kujaza patografu sista akimtajia, kumkalia mama aliyepoteza mtoto. Huyo mama wa mwisho ndiye anayesahaulika kuliko wote, maana sista ameshaitwa kitanda kingine.

Zawadi asinunue kabla hajauliza. Tuliletewa mashine nzuri kutoka Ulaya ikakaa stoo kwa kukosa karatasi zake za kuchapia. Tulichokosa siku ile kilikuwa betri za tochi. Na dawa ya kuzuia mama asivuje damu, oksitosini, inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo umeme ukikatika na jokofu likipata joto, unachoma sindano usiyoiamini. Mwenye uwezo wa kuchangia aulizie hilo jokofu kwanza.

Picha za watoto na kina mama, hapana. Hata mama akikubali. Amelala, ana uchungu, hawezi kukukatalia.

Sasa Kiswahili. Cha kusikia hakitoshi leba. Aanze leo kusema kwa sauti, mpaka yatoke bila kufikiri: shikamoo mama (wapo wakubwa kwake, asiwaruke). Naitwa fulani, bado ni mwanafunzi. Naomba nikupime, unaniruhusu? Nikikuumiza niambie. Usisukume kwanza, pumua. Haya, sasa sukuma. Pumzika. Mtoto yuko na sista, anamsaidia kupumua, nitakuja kukuambia. Hilo la mwisho alijue kuliko yote. Mama akiuliza "mbona halii?" na wewe ukasimama kimya, kimya hicho hakisahau maisha yake yote. Na kwa wale wasiojua Kiswahili, Wabarbaig na bibi wengi wa Kinyaturu, amwombe ndugu wa mgonjwa amtafsirie kabla hajagusa mtu.

Mama, Leicester. Alhamisi

Mama yangu wa Birmingham, shikamoo. Dada wa Sheffield, kaka wa Reading, Mungu awabariki.

Nimekaa na binti tumesoma pamoja. Pale kwenye habari ya yule mama wa Kibarbaig alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia kwamba naye alikuwa ameanza kuwaza kule angepata wangapi. Kampuni tumeikataa. Mwalimu wake amekubali kuandika barua, itakwenda kwa mganga mfawidhi wiki ijayo, na safari tumeisogeza mpaka Juni mwakani ili karatasi zikamilike.

Jioni anapiga simu kwa bibi yake na wanafanya hayo maneno moja baada ya jingine, simu iko juu ya meza nami nasikia nikiwa jikoni. Jana alisema "naomba nikupime" vizuri kabisa. Bibi akamjibu, "Hujanisalimia." Wakaanza upya.

Mama, ukipata nafasi niandikie: glovu saizi gani ndizo zinazoisha haraka?