Gumzo la familia: tutafikia mtaa upi Istanbul?

Zuhura: Assalaam alaykum jamaa zangu. Mama, Shangazi na Mjomba, shikamooni. Tikiti zimekwisha kukatwa, tunasafiri Novemba inshallah, na ndege itatushusha kwenye uwanja mpya wa Istanbul ulio upande wa Ulaya. Sasa limebaki suala la malazi. Naomba tukubaliane mtaa kwanza, kisha ndipo tutafute hoteli, kwa sababu picha ya chumba kizuri ina tabia ya kumfumba mtu macho asiulize chumba hicho kiko umbali gani na mambo aliyoyafuata. Kila mmoja aseme anakotaka kwenda hasa.

Shangazi Mwanaidi: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Mimi nataka Laleli kwa ajili ya nguo za jumla, na nataka kuliona lile Soko Kuu lililoezekwa mapaa, Kapalıçarşı. Soko hilo Jumapili halifunguliwi, kwa hiyo msije mkanipangia siku hiyo.

Mama: Marahaba. Mimi nataka kuzuru kaburi la sahaba Abu Ayyub al-Ansari, na kuswali katika Msikiti wa Sultan Ahmed. Mengine pangeni ninyi. Magoti yangu mnayajua.

Idrisa: Mama, Shangazi, Mjomba, shikamooni. Ninapendekeza Taksim. Njia ya treni M11 inatoka uwanjani mpaka Gayrettepe, na hapo mtu anabadilisha na kupanda M2 inayosimama Taksim penyewe, kwa hiyo hatutahitaji teksi. Barabara ya İstiklal ina watu mpaka usiku wa manane, hoteli ni nyingi na za kila bei, na mahali pa kula hapahitaji kutafutwa.

Mjomba Athumani: Marahaba mwanangu. Hiyo sifa ya watu mpaka usiku wa manane, mama yako ataisikia kama kasoro. Uwanja wa Taksim wenyewe ni tambarare, hilo nakubali, na kama hoteli ingekuwa pale pale pembeni ya uwanja nisingekuwa na neno. Lakini hoteli nyingi zinazojiita za Taksim zimo katika vichochoro vinavyoteremka kuelekea Cihangir, Tophane na Galata, na miteremko ya huko ni mikali kiasi kwamba mahali pengine wamejenga ngazi badala ya barabara. Kushuka asubuhi si taabu. Shida ni kupanda jioni, mtu amechoka na mvua ya Novemba imelowesha mawe. Kisha pale Gayrettepe, kutoka treni moja hadi nyingine kuna mwendo mrefu wa chini ya ardhi, nasi tutakuwa na mabegi.

Idrisa: Mjomba, ramani inaonyesha hoteli moja iko mita mia tatu tu kutoka kituoni.

Mjomba Athumani: Ramani hiyo haikuonyeshi mita hizo zinapanda au zinashuka. Katika mji uliojengwa juu ya vilima, hilo ndilo swali la kwanza. Badilisha ramani uone mistari ya mwinuko, au utazame picha za barabarani, ndipo uhesabu.

Zuhura: Mjomba, wewe ulipata kutaja Kadıköy. Je, bado unaipendelea?

Mjomba Athumani: Kwa nafsi yangu ningekaa Kadıköy bila kufikiri mara mbili. Ni upande wa Asia, wenyeji ni wengi kuliko watalii, kuna soko zuri la samaki na mboga, bei zina huruma kidogo, na feri ya kuvuka mlango wa bahari wa Bosphorus ni starehe ambayo watu wengine huilipia kama matembezi. Ila lazima niseme ukweli kwamba karibu kila alichokitaja dada yangu na shemeji kiko ng'ambo, katika mji wa kale. Tukikaa Kadıköy tutavuka bahari kila asubuhi na kila jioni, na tukisahau kitu hotelini ndiyo basi. Isitoshe, uwanja wa ndege ulio upande wa Asia ni Sabiha Gökçen, nasi hatushukii huko. Kwa safari isiyofika juma zima, sioni kama inafaa.

Shangazi Mwanaidi: Basi kwa nini tusikae Laleli penyewe? Nitanunua na kupandisha mzigo chumbani, yakaisha.

Mjomba Athumani: Shemeji, Laleli ni mtaa wa kazi. Mchana kutwa kuna mikokoteni, marobota, na watu wanaofunga mizigo kwa utepe wa gundi ambao mlio wake hutausahau. Mfanyabiashara aliyekuja peke yake panamfaa sana, na wengi kutoka Afrika hufikia huko kwa sababu hiyo. Mtu aliyekuja kupumzika, na zaidi mwenye magoti, atasukumwa njiani tangu atokapo mlangoni.

Zuhura: Nimeyaandika yote mnayoyasema, na nimeona jambo moja ambalo naona litatupunguzia mjadala. Kuna njia ya tramu T1. Inapita Laleli, inapita Beyazıt ambako kuna lango mojawapo la Soko Kuu, kisha Çemberlitaş, Sultanahmet, Gülhane, Sirkeci na Eminönü, halafu inavuka daraja la Galata kwenda Karaköy na kumalizikia Kabataş. Kabataş kuna treni fupi ya kupanda mlima inayomfikisha mtu Taksim. Kwa maneno mengine, njia hiyo moja inagusa alichotaka Shangazi, sehemu kubwa ya alichotaka Mama, na hata alichotaka Idrisa. Kwa hiyo tusiulizane tena mtaa upi ni mzuri. Tuulizane ni kituo kipi cha T1 ambacho mtu anashuka na kufika hotelini bila kupanda kilima.

Idrisa: Bila shaka ni Sultanahmet. Hagia Sophia, Msikiti wa Sultan Ahmed na Kasri la Topkapı vyote viko hapo hapo.

Zuhura: Nilidhani hivyo pia, na kwa msikiti wa Mama hakuna mahali palipo karibu zaidi. Lakini uwanja wa Sultanahmet uko kileleni. Hoteli zilizo juu, karibu na tramu, ni chache na ghali. Zile za bei tunayoiweza nyingi zimo chini, kuelekea bahari ya Marmara, sehemu za Cankurtaran na Küçük Ayasofya. Ni mitaa tulivu yenye nyumba nzuri za kale, lakini tutarudi kule kule kwenye habari ya kupanda. Zaidi ya hayo, migahawa inayozunguka makumbusho imezoea mgeni wa siku moja ambaye hatarudi tena, na bei zao zinaonyesha hivyo.

Mjomba Athumani: Umesema kweli. Nami ningeongeza Sirkeci katika hesabu hiyo. Ni vituo viwili tu kutoka Sultanahmet, lakini iko chini karibu na maji, na kutoka Sirkeci hadi Eminönü ni tambarare tupu. Hapo Eminönü ndipo zilipo feri za Üsküdar na Kadıköy, kwa hiyo dada atapata kuvuka bara na kurudi kwa siku moja bila kuhama. Na kwa ziara ya Abu Ayyub, tramu nyingine, T5, inaanzia Eminönü na kufuata ukingo wa Haliç, ile ghuba nyembamba inayopita chini ya daraja la Galata, mpaka Eyüp, mtaa lilipo kaburi hilo. Ni safari ya kukaa kitini na kutazama maji.

Mama: Hapo sawa.

Shangazi Mwanaidi: Wifi akisema sawa, mimi nani nipinge? Kutoka Sirkeci hadi Laleli ni mbali?

Zuhura: Ni vituo vitano vya tramu hiyo hiyo, Shangazi, bila kubadilisha. Ila ningekuomba siku ya kununua tukodi teksi wakati wa kurudi, maana tramu hiyo hujaa mno saa za jioni na robota halitapata pa kusimama.

Idrisa: Nimekubali, na Taksim nitakwenda mwenyewe kupitia Kabataş. Nimeona pia kwamba Sirkeci kuna treni ya Marmaray, ile iliyofunguliwa mwaka 2013 na kupita chini ya bahari. Kituo kinachofuata tayari ni Üsküdar, upande wa Asia.

Mjomba Athumani: Ipande wewe, usimpandishe mama yako. Kituo cha Sirkeci kimechimbwa kina kirefu sana, na zile ngazi za umeme ni ndefu mpaka mtu anapata kizunguzungu. Yeye atavuka kwa feri. Kadi ya Istanbulkart inatumika kote, kwenye tramu, treni na feri, kwa hiyo hakuna hasara.

Zuhura: Basi mtaa ni Sirkeci. Tuje kwenye hoteli. Idrisa, umeniletea orodha ndefu iliyopangwa kwa nyota, nami nakuomba uisahau kwa muda. Nyota hupimwa kwa vifaa vilivyomo, na hazitakuambia kama lifti inaanzia chini mlangoni au inaanzia baada ya ngazi za kuingilia. Majengo ya sehemu zile mengi ni membamba na ya zamani. Lifti imeingizwa baadaye, pengine inabeba watu wawili na begi moja, na mara nyingi inaishia ghorofa ya chini ya ile wanayoandalia kifungua kinywa. Ukumbi wa juu wenye mandhari ya Bosphorus ndio wanaoutangaza kwa picha, nao ndio Mama angeufikia kwa kupanda ngazi kila asubuhi.

Idrisa: Nitawaandikia barua pepe niwaulize. Niulize nini kingine?

Zuhura: Uliza kama wanaweza kutupa vyumba vilivyo ghorofa moja, kimoja kiwe na vitanda viwili mbalimbali kwa ajili ya Mama na Shangazi, na bafu lake liwe la kuoga kwa kusimama, lisiwe la beseni ambalo mtu anapaswa kuinua mguu kuingia. Uliza kama chumba kinatazama barabara ya tramu, na kama ndivyo, tupewe cha nyuma, hata kama hakina mandhari yoyote. Usingizi una thamani kuliko dirisha. Uliza kama kuna chumba cha chini ya ardhi katika bei waliyoitaja, maana wapo wanaokiita chumba cha bustani. Mwisho, uliza kama bei hiyo imejumlisha ile kodi ya malazi ya asilimia 2 iliyoanza mwaka 2023.

Mjomba Athumani: Ongeza hili: ndege za kutoka kwetu nyingi hufika asubuhi, na hoteli nyingi hazitoi chumba kabla ya saa nane mchana. Uliza kama wanapokea mizigo mapema na kama kuna mahali pa kukaa, ama sivyo dada atashinda kwenye kiti cha mapokezi. Jambo la heri ni kwamba saa zao ni sawa na za Afrika Mashariki, kwa hiyo uchovu utakuwa wa kukosa usingizi tu.

Shangazi Mwanaidi: Na yale maoni ya wageni kwenye mtandao, tuyaamini?

Zuhura: Tuyasome, Shangazi, lakini kwa namna fulani. Sifa za jumla kama vile "wahudumu wakarimu" hazinisaidii kitu. Mimi hutafuta lalamiko linalorudiwa na watu wasiojuana, na hutafuta maoni ya watu waliokwenda msimu wetu. Aliyekaa Julai atasifu ukumbi wa juu. Aliyekaa Novemba ndiye atakayeniambia kama vyumba vinapashwa joto usiku na kama maji ya moto yanatosha. Mtu mmoja akilalamika kwamba chumba ni kidogo, simjali sana, kwa sababu Sirkeci vyumba vyote ni vidogo.

Idrisa: Majibu yamekuja, jamaa zangu. Niliwaandikia watatu. Wa kwanza amekiri kwamba kuna ngazi saba kabla ya lifti, lakini anasema mhudumu atambebea mgeni mizigo.

Mama: Mizigo haina magoti.

Idrisa: Huyo nimemfuta. Wa pili amejibu kwa kunitumia tangazo lile lile lililo kwenye tovuti yake, bila kugusa swali hata moja. Wa tatu amejibu kila swali kwa mpangilio: lifti inaanzia mlangoni na kufika mpaka ukumbi wa chakula, ghorofa ya nne ana vyumba viwili vinavyopakana vilivyo upande wa nyuma, bafu ni la kusimama, kodi imo katika bei, na mizigo inapokewa wakati wowote. Amesema wazi kwamba vyumba hivyo vinatazama ukuta wa jengo la jirani. Bei yake iko juu kidogo ya yule wa kwanza.

Mjomba Athumani: Anayekuambia habari ya ukuta kabla hujalipa, mimi namwamini hata katika mengine.

Shangazi Mwanaidi: Mchukue huyo. Tofauti ya bei nitaifidia Laleli.

Zuhura: Nami nimeridhika. Idrisa, weka nafasi ile inayoruhusu kufuta bila malipo, hata kama ile isiyorudishwa ina punguzo, kwa sababu viza za watu wote bado hazijakamilika. Uwaombe wakuthibitishie kwa maandishi ghorofa na upande wa vyumba, kisha utume uthibitisho huo hapa kikundini ili kila mmoja awe nao kwenye simu yake. Mjomba, usafiri wa kutoka uwanjani nakuachia wewe.

Mjomba Athumani: Mabasi ya uwanja wa ndege, ya Havaist, yapo, lakini kwa idadi yetu na mabegi yetu nitawaomba hoteli watutumie gari. Nitauliza bei leo hii, niilinganishe na ya teksi, halafu niwaletee hapa.