Droni imechukuliwa na upepo wa kusi nyuma ya Jambiani: nianzie wapi kuitafuta?

Mpiga picha wa mwani (mwanzilishi wa mada)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba msaada wa haraka kwa wenye uzoefu wa kurusha droni katika upepo mkali, kwa sababu yangu imepotea leo asubuhi hapa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na ndani yake mna kadi yenye picha za siku nne ambazo sikuwahi kuzinakili popote.

Mimi hupiga picha za kilimo cha mwani. Leo ni bamvua, maji yalikuwa yametoka mbali na kina mama walikuwa mashambani mwao, hivyo nikarusha kutoka ufukweni majira ya saa nne. Droni yenyewe ni ndogo, uzito wake haufiki gramu 250, na kibali cha kuirusha ninacho. Upepo ulikuwa ukivuma tangu alfajiri, lakini pale niliposimama haukunitia wasiwasi, na kwa kimo cha mita 30 juu ya mashamba nilipiga picha bila tatizo lolote. Kisha nikataka picha moja ya kijiji kizima pamoja na bahari nyuma yake, nikaipandisha hadi mita 90 na kuipeleka ndani, juu ya nyumba na kuvuka barabara kuu. Ilikwenda kwa wepesi mno. Nilipoigeuza ili irudi, nikaona haisogei, na onyo la upepo mkali likatokea kwenye simu. Nikabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani nikiamini kwamba mitambo yake ingejua la kufanya kuliko mimi. Ikapanda hadi mita 100, kimo nilichokuwa nimekipanga kwa kuhofia minazi na minara ya simu, ikageuza uso kunielekea, na hapo umbali ukaanza kuongezeka badala ya kupungua. Mawasiliano yalikatika ikiwa mita 1,140 kutoka nilipo, betri ikiwa na asilimia 34.

Nimekwenda hadi pale ramani ya simu inapoonyesha mahali pa mwisho, nikazunguka kwa saa mbili na sikuona kitu. Huko ni maweni, vichaka vimeshikana na mawe ni makali. Je, pale panapoonekana kwenye ramani ndipo ilipo kweli, au nisonge mbele zaidi, na kwa kiasi gani? Tena kuna wanaoniambia kwamba huenda imeangukia baharini.

Mpima ardhi, Morogoro

Pole sana ndugu. Nianze na hilo la mwisho: baharini haiko. Kusi katika pwani ya mashariki ya Unguja hutoka baharini, kutoka upande wa kusini mashariki, na kuingia ndani ya kisiwa, kwa hiyo chombo kilichoshindwa na upepo huo hakiwezi kuukata na kurudi pwani. Lau ungerusha kutoka Kizimkazi, upande wa pili, jibu langu lingekuwa jingine.

Mahali pa mwisho kwenye ramani ni mahali ilipokuwa droni wakati simu ilipoacha kuisikia. Wakati huo ilikuwa bado hewani, bado ina theluthi moja ya betri, na bado inasukumwa, kwa hiyo umetafuta mahali ilipopita tu. Droni za ukubwa huo, katika hali ya kawaida, hukata hewa kwa takriban mita 10 kwa sekunde, na zinaporudi zenyewe hutumia kasi hiyo hiyo. Upepo wa mita 9 kwa sekunde pale ufukweni huweza kufika mita 12 au 13 kwenye kimo cha mita 100, kwa kuwa huko juu hakuna minazi wala mapaa ya kuupunguza. Basi droni inakazana mita 10 mbele huku hewa yenyewe inaibeba mita 13 nyuma, ikawa inakwenda kinyumenyume mita 3 kila sekunde na uso wake umekutazama wewe.

Fungua kumbukumbu ya safari kwenye programu ya simu yako. Usiangalie ramani peke yake, angalia namba za dakika tatu za mwisho: umbali ulivyoongezeka, betri ilivyopungua, na majiranukta (namba zinazotaja mahali kwenye ramani) ya kila hatua. Chora mstari unaopita kwenye nukta hizo na uuendeleze moja kwa moja baada ya nukta ya mwisho. Usiuchore kwa kukisia upepo ulivuma wapi, kwa sababu mstari wa nukta tayari una upepo ndani yake pamoja na juhudi za droni kuupinga. Kisha kadiria imebaki hewani kwa muda gani baada ya mawasiliano kukatika, uzidishe kwa kasi ile ya kurudi nyuma. Hapo ndipo pa kuanzia. Andika majiranukta kwa tarakimu tano baada ya nukta ya desimali, kwani tarakimu ya tano ni sawa na mita moja hivi ardhini, wakati ukiishia kwenye ya tatu umejiongezea kosa la mita mia moja kabla hata hujavaa viatu.

Fundi wa droni, Dar es Salaam

Nakubaliana na mpima ardhi, ila nina la kuongeza kabla hujagusa kitu kingine kwenye simu. Usiifute programu, usiiweke upya, na usitoke kwenye akaunti yako, kwa sababu kumbukumbu hizo mara nyingi zimo ndani ya simu peke yake. Nimeletewa wateja waliofuta kila kitu kwa kudhani kwamba programu ndiyo iliyoharibika, na hapo hakuna fundi anayeweza kuwasaidia. Angalia pia kama programu imehifadhi video hafifu ya safari. Sekunde za mwisho za video hiyo huonyesha njia, paa au mti mkubwa uliokuwa mbele ya kamera, na vivuli vyake vinakuambia ilikuwa imeelekea wapi.

Kuhusu muda wa kubaki hewani, usihesabu hadi asilimia sifuri. Droni hizi hujipigia hesabu zenyewe, na betri inapofikia kiwango kinachotosha kushuka tu, huacha safari na kutua pale pale zilipo, hata kama nyumbani ni mbali. Anza kwa kudhani kiwango hicho ni asilimia 10. Inapotua huendelea kujaribu kushikilia mahali pake, kwa hiyo itasukumwa kidogo wakati wa kushuka, na msukumo huo utapungua kadiri inavyokaribia vichaka. Sioni sababu ya kudhani kwamba ilianguka kama jiwe. Kwa maelezo uliyotoa ina nafasi nzuri ya kuwa nzima.

Chukua rimoti ikiwa imejaa chaji na uwashe kila unapofika mahali palipoinuka. Droni iliyotua bila kuzimwa huendelea kuwaka hadi betri iishe kabisa, na ukifika karibu wakati bado inawaka itaunganika tena, nawe utaweza kuiamuru ilie na kuwasha taa zake. Nafasi hiyo inapungua kila saa inayopita, na kufikia kesho usiitegemee.

Mkaazi wa Makunduchi

Hesabu zenu ni nzuri, lakini naomba mnisikilize kuhusu ardhi yenyewe, maana nimezaliwa humo. Maweni si mahali pa kuingia kwa ndala, wala peke yako. Mawe yake hukata kama wembe, na chini ya majani makavu mna mashimo yanayoweza kumeza mguu hadi gotini. Vaa viatu vizito na suruali ndefu, beba maji mengi, na usiingie ukiwa na chini ya watu watatu.

Kabla ya hayo nenda kwa sheha. Kuna watu wanaolima na kufuga mbuzi huko nyuma, na mgeni anayezunguka kwenye mashamba yao akichungulia vichaka lazima atatiliwa shaka. Ukishajitambulisha, hao hao ndio watakaokuwa macho na masikio yako. Usiwaulize kama wameona droni, waulize kama wamesikia sauti ngeni angani asubuhi ya leo, kwa sababu ndani ya vichaka vile mtu haoni mbali lakini anasikia sana. Tena ahidi zawadi, na uitaje kiasi chake waziwazi.

Ingieni mapema, baina ya saa moja na saa tatu asubuhi. Rangi ya droni nyingi ni ya kijivu, na jiwe letu ni la kijivu vilevile; jua likiwa limelala, mapanga yake huangaza kidogo, lakini likishakuwa utosini mtaipita hatua mbili tu bila kuiona. Tembeeni sambamba, hatua tano baina ya mtu na mtu, na kila mmoja atazame juu ya vichaka kwanza kisha chini. Wengi husahau kutazama juu.

Mpiga picha wa mwani

Ndugu zangu, nashukuru kwa dhati. Nimefungua kumbukumbu na namba ni hizi. Kutoka umbali wa mita 620 hadi mita 1,140 zilipita sekunde 173, yaani mita 3 kwa sekunde kama alivyosema mpima ardhi. Katika muda huo betri ilishuka kutoka asilimia 49 hadi 34. Kwa mwendo huo asilimia 24 nyingine zingechukua sekunde 277, sawa na mita 830, na nimeongeza mita 60 za wakati wa kutua. Kwa hiyo nakusudia kuanza mita 890 mbele ya mahali pa mwisho, kuelekea kaskazini magharibi. Nimeshazungumza na sheha na amenipa vijana wawili. Tunaingia kesho alfajiri.

Mpima ardhi, Morogoro

Hesabu yako ni sahihi. Weka duara la mita 150 kuzunguka nukta hiyo, na msipoipata, rudini nyuma kwenye mstari badala ya kusonga mbele, kwa sababu droni ikikosea katika jambo hili hukosea kwa kutua mapema.

Mpiga picha wa mwani

Alhamdulillahi, imepatikana. Naandika kwa urefu kidogo ili atakayepatwa na jambo hili siku nyingine akute pa kuanzia.

Tulitafuta kwenye nukta ya hesabu kwa saa moja na nusu bila mafanikio. Tulipoanza kurudi nyuma kwenye mstari tulimkuta mzee mmoja akipalilia kunde, tukamwamkia, nami nikamuuliza kama nilivyoshauriwa, si kuhusu droni bali kuhusu sauti. Akasema kwamba jana kabla ya adhuhuri alisikia mvumo kama wa nyuki waliochokozwa, ukateremka upande wa kulia wa njia yake, kisha ukanyamaza ghafla, na akaacha kuelekea huko kwa kuhofia kweli ni nyuki. Alituonyesha kwa mkono. Tulikwenda pale mkono wake ulipoelekea mpaka tukafika usawa wa mstari wetu, na mmoja wa vijana akaiona ikiwa imenasa kwenye mti wa mdaa, kimo cha mtu na nusu. Ilikuwa mita 140 pungufu ya nukta yangu na kama mita 60 pembeni ya mstari. Panga moja limevunjika, kamera ni nzima, na picha zote zimo. Zawadi niliyoahidi nimeigawa kwa watatu wote, mzee akiwa wa kwanza.

Nina maswali mawili. Kwa nini ilitua mapema kiasi hicho? Na betri yake ina kibonyeo pembeni, je, naweza kuichaji?

Fundi wa droni, Dar es Salaam

Nimefurahi sana kusikia hivyo. Kuhusu kutua mapema, kosa ni langu niliyekuambia uanzie kwenye asilimia 10 bila kufikiria kimo. Kushuka kutoka mita 100 kunahitaji akiba kubwa kuliko kushuka kutoka mita 30, na ninadhani ilijiamulia kutua ikiwa na asilimia 14 hivi. Kwa mwendo wa betri yako, asilimia 4 ni sekunde 46, nazo kwa mita 3 ni mita 138, ambazo ndizo karibu zote ulizokosa.

Betri usiichaji kamwe, hata kama inawaka vizuri. Kibonyeo kinaweza kuwa kimegusanisha matabaka ya ndani, na betri za lithiamu za namna hiyo huweza kuwaka moto wakati wa kuchajiwa au hata siku kadhaa baadaye zikiwa zimelala kabatini. Itoe nje ya nyumba, iweke kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, mbali na vitu vinavyoshika moto, na usiisafirishe kwenye boti kuja kwangu. Lete droni peke yake. Mapanga badilisha yote manne, maana lililokwaruzika bila kuvunjika hutetemesha mota.

Mpima ardhi, Morogoro

Kabla hujarusha tena msimu huu, badilisha kimo cha kurudi. Mita 100 zinafaa penye majengo marefu, lakini Jambiani zilikupandisha mahali ambapo upepo ulikuwa mkali kuliko uwezo wa droni. Mnazi mrefu hufika takriban mita 30, kwa hiyo mita 45 zinatosha, mradi ujue minara ya simu iko wapi na usirushe upande wake. Na siku nyingine ukiona umbali unaongezeka wakati droni inadai kwamba inarudi, ghairi safari hiyo ya kurudi mara moja, ishushe hadi juu kidogo ya minazi, na uweke hali ya kasi ambayo kwa droni kama yako hufika mita 16 kwa sekunde. Dhidi ya upepo ule wa mita 13 ungepata mita 3 kwa sekunde za kuelekea nyumbani hata bila kushuka. Kutoka mita 620 hizo ni dakika tatu na nusu, na betri ilikuwa na asilimia 49.

Katika kusi, picha za kijiji zipige ukiwa umesimama nyuma ya kijiji, upande wa barabara, na uirushe droni kuelekea baharini kwanza, ili inapochoka upepo uwe unaileta kwako.